Bustani ya Mji ni Shauri la Wakazi Wake

(Maneno ya mazungumzo kwa wakazi wa mitaa ya magharibi ya Nairobi)

Nataka kusema nanyi juu ya bustani na viwanja vya michezo, na juu ya watu wapaswao kuulizwa kabla havijapangwa.

Mwaka 1906 Bwana A. M. Jeevanjee alitengeneza bustani katikati ya mji, akawapa watu wa Nairobi. Mwaka 1991 ulizuka mpango wa kujenga hapo maduka na maegesho ya motokaa. Mjukuu wake, Bibi Zarina Patel, pamoja na wakazi wengine waliupinga, na bustani ikasalimika. Kabla ya hapo, mwaka 1989, ilitakiwa kujengwa nyumba ya orofa 60 katika Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai aliandika barua serikalini na ng'ambo, akadhihakiwa hata Bungeni. Lakini mwishowe wenye fedha walijitoa na mpango ukafa.

Twawashukuru watu hao. Walakini tazameni: mara zote mbili wakazi hawakuulizwa kwanza. Kupinga jambo lililokwisha kuamuliwa ni kazi ngumu, na si kila mtaa una mtu wa kuandika barua kama zile. Iliyo bora ni kuulizwa mapema.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mchora ramani ofisini ajua vipimo vya uwanja. Hajui mahali maji yatuamapo wakati wa masika, wala njia wapitayo akina mama watokapo sokoni, wala pembe yenye giza ambayo wasichana huiogopa jioni. Mambo hayo ayajua mkazi. Na haja si moja: huko Lavington nyumba nyingi zina ua na miti, Kawangware na Kangemi, mtoto asipopata uwanja hucheza barabarani kati ya magari.

Sheria imekwisha kufungua mlango. Katiba ya mwaka 2010 yahesabu kushiriki kwa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 196 chaagiza bunge la kaunti liwashirikishe watu katika kazi zake. Sheria ya misitu nayo yawaruhusu wakazi kuunda chama na kupatana na idara ya misitu juu ya utunzaji, kama ilivyofanywa katika msitu wa Karura.

Basi, ukitangazwa mkutano juu ya uwanja wa mtaa wenu, msikae nyumbani. Kwanza tembeeni mahali penyewe asubuhi, jioni na siku ya Jumapili, mwone ni nani wapatumiao. Waulizeni watoto, wazee na wachuuzi. Andikeni haja zenu kwa ufupi. Ombeni kuiona ramani kabla kazi haijapewa kontrakta. Tena ulizeni ni nani atakayefagia na kulinda, kwa maana bustani isiyo na mtunzaji hugeuka jaa.

Penye wengi hapaharibiki neno.