Kabla ya Kununua Kadi ya Wi-Fi: Mafunzo Kutoka kwa Wateja Wenyewe

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa katika baraza la wakaazi kuhusu haki za mteja)



Mada ya leo inahusu kifaa kinachotoshea kiganjani: kadi ya Wi-Fi ya kompyuta ya nyumbani. Huenda mtu akauliza kwa nini baraza zima likutane kwa sababu ya kifaa kama hicho. Sababu ni kwamba siku hizi anayeomba cheti cha tabia njema hupitia eCitizen, anayewasilisha ripoti ya ushuru hupitia iTax, na mwanafunzi anayechagua kozi ya chuo hupitia tovuti ya KUCCPS. Familia nyingi zimeamua kununua kompyuta ya mezani ya mtumba ili kupunguza safari za saiba. Wakishafika nyumbani na kuiwasha, ndipo wanagundua kwamba haina Wi-Fi.

Hiyo si hitilafu. Kompyuta nyingi za mtumba zilitumika kwanza maofisini, na huko ziliunganishwa na mtandao kwa waya, kwa hiyo aliyezitengeneza hakuwa na haja ya kuziwekea Wi-Fi. Mkaazi mwenye ruta sebuleni na kompyuta chumbani ana njia tatu: kuvuta waya kutoka kwa ruta, kununua kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye tundu la USB, au kufunga kadi ndani ya kompyuta. Njia hii ya mwisho hufanya kazi vizuri, lakini ndiyo inayowapotezea wateja pesa na muda mwingi zaidi. Visa vifuatavyo vinaonyesha ni kwa nini.

Kadi nzuri, kasha jembamba

Mama mmoja muuza mboga alimnunulia mwanawe kompyuta ya mtumba, ile aina nyembamba inayolazwa chini ya skrini. Wiki mbili baadaye alirudi mjini kununua kadi ya Wi-Fi. Alimwuliza muuzaji, "Kijana wangu, hii itaingia kwa kompyuta yangu? Ni ile nyembamba." Akajibiwa, "Itaingia tu, mama, usijali."

Fundi wa mtaani alipofungua kompyuta, kadi iliingia kwenye nafasi yake bila shida. Kilichokataa ni bamba la chuma lililoshikilia kadi. Bamba la kawaida lina urefu wa takriban sentimita 12, ilhali kompyuta nyembamba huhitaji bamba fupi la takriban sentimita 8. Kasha halikufunga. Kadi nyingi huuzwa zikiwa na mabamba yote mawili kwenye pakiti, lakini pakiti ya mama huyu ilikuwa imeshafunguliwa dukani na bamba fupi halikuwemo.

Aliporudi dukani aliambiwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kisa chake hakikuishia hapo, na tutakirejelea tukifika kwenye sheria.

Kuna wengine waliokwama hata kabla ya kufika kwenye bamba. Kompyuta za zamani sana zina nafasi za kadi za aina ya PCI, nazo kadi za sasa ni za aina ya PCIe. Majina yanakaribiana lakini moja haiingii kwa nyingine, na anayesukuma kwa nguvu huvunja kadi au bodi kuu ya kompyuta.

Kadi imekaa sawa, kompyuta haiioni

Kisa cha pili ni cha mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne. Kakake alimfungia kadi vizuri, skrubu zikakazwa, kompyuta ikawashwa. Hakuna Wi-Fi iliyoonekana. Kadi ya aina hii huhitaji programu endeshi, ambayo mafundi huiita draiva, ili kompyuta iweze kuitambua na kuitumia. Programu hiyo ilikuwa kwenye sidii ndogo ndani ya pakiti, na kompyuta yao haikuwa na mahali pa kuingiza sidii. Kuipata mtandaoni kulihitaji intaneti, na intaneti ndiyo waliyokuwa wakiitafuta. Ilikuwa kama mtu aliyefunga mlango akasahau ufunguo ndani.

Wakaenda saiba, wakapakua programu ya bure iliyodai kuwa inatafuta draiva zote. Ilijaza kompyuta matangazo na kuwaitisha malipo. Tovuti ya kuchagua kozi ilikuwa ifungwe siku iliyofuata.

Jirani mmoja ndiye aliyewaokoa, na hakutumia chochote ila simu na waya wake wa kuchajia. Aliunganisha simu na kompyuta kwa waya huo, akaenda kwenye mipangilio ya simu na kuwasha sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta ikapata intaneti kupitia bando la simu. Windows ikaitafuta draiva yenyewe, na baada ya dakika chache majina ya mitandao ya jirani yakaanza kuonekana. Kijana alituma maombi yake usiku huohuo.

Njia hiyo haigharimu chochote zaidi ya bando. Windows isipoipata draiva, mteja aende kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kadi, wala si tovuti nyingine yoyote. Aangalie namba ya modeli pamoja na toleo lake, kwa maana kadi mbili zenye jina moja lakini matoleo tofauti zinaweza kuhitaji draiva tofauti.

Ni vizuri pia kujua kompyuta inatumia Windows gani. Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Baadhi ya kadi mpya hazina draiva ya Windows 7 kabisa. Anayenunua kadi mpya kwa mfumo wa zamani anaweza kujikuta na kadi nzima isiyotumika.

Mtandao unaokuja na kupotea

Mwalimu mmoja mstaafu alilalamika kwamba kadi yake ni mbovu. Wi-Fi ilionekana, ikapotea, ikarudi. Alikuwa tayari kununua nyingine. Fundi alipoinama chini ya meza aliona mambo mawili. Kwanza, antena moja ilikuwa imelegea. Pili, kompyuta ilikuwa imesukumwa hadi ukutani, hivi kwamba antena zilibanwa kati ya kasha la chuma na ukuta wa mawe. Antena ilikazwa kwa mkono, kompyuta ikavutwa mbele na kugeuzwa kidogo. Tatizo likaisha bila mwalimu kutoa hata shilingi ya kununua kifaa kingine.

Kuna jambo lingine linalochanganya wengi. Ruta nyingi za kisasa hurusha mawimbi ya aina mbili: ya gigahati 2.4, yanayofika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, na ya gigahati 5, yenye kasi kubwa lakini yanayochoka upesi. Kadi ya bei ya chini ya gigahati 2.4 pekee haitaona kabisa mtandao wa gigahati 5. Simu ikiuona mtandao fulani na kompyuta isiuone, hiyo inaweza kuwa ndiyo sababu, na kadi haina kosa lolote.

Namba kubwa kwenye pakiti

Kijana mmoja anayefanya kazi za mtandaoni alinunua kifaa kilichoandikwa 1200 kwenye pakiti, akidhani intaneti yake sasa itakuwa na kasi ya megabiti 1200 kwa sekunde. Namba hiyo kwa kawaida hupatikana kwa kujumlisha mawimbi yote mawili, yaani takriban 300 kwa gigahati 2.4 na takriban 867 kwa gigahati 5. Kompyuta ikiunganishwa na mtandao wa nyumbani hutumia moja kwa wakati mmoja. Isitoshe, kifaa chake kilikuwa cha USB, na alikichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2.0, ambalo mwisho wake ni megabiti 480 hata kwa hesabu za makaratasi.

La muhimu zaidi ni hili: nyumbani kwake analipia intaneti ya megabiti 10. Hakuna kadi inayoweza kuongeza kile ambacho hakijalipiwa. Kwa matumizi yake, kifaa cha bei nafuu kingemtosha, na pesa zilizobaki zingelipa intaneti ya mwezi mwingine.

Sheria inasema nini

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mteja haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa hiyo kikamilifu, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Bunge lilipitisha pia Sheria ya Kuwalinda Wateja mwaka 2012. Nayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inatambua kwamba mteja akimweleza muuzaji anataka kifaa kwa kazi gani, na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, kwa kawaida kifaa kinapaswa kuifaa kazi hiyo.

Turudi sasa kwa mama wa mboga. Swali lake dukani, "Itaingia kwa kompyuta yangu?", lilikuwa swali lenye uzito. Alirudi mara ya pili akiwa na risiti, pakiti, na picha ya kompyuta iliyoonyesha modeli na jinsi bamba lilivyozidi. Akaomba kuongea na mwenye duka mwenyewe. Mwenye duka alifungua pakiti nyingine, akatoa bamba fupi na kumpa. Shughuli yote ilichukua chini ya nusu saa. Hata hivyo, mama alikuwa ameshapoteza nauli mara mbili na mauzo ya siku nzima. Haki aliipata, lakini habari sahihi siku ya kwanza ingemgharimu kidogo zaidi.

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la biashara na utendaji wa haki katika biashara. Kwa hiyo mteja aliyeelezwa uongo dukani ana mahali pa kupeleka malalamiko yake: idara ya biashara ya kaunti. Aende na risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo ya kuandika kabla ya kwenda dukani

Kwanza, modeli ya kompyuta na kama kasha lake ni pana au jembamba. Pili, aina ya nafasi iliyo wazi ndani. Picha ya simu inatosha. Tatu, Windows inayotumika. Nne, kasi ya intaneti inayolipiwa nyumbani. Muuzaji aonyeshwe karatasi hiyo, na aandike modeli ya kompyuta kwenye risiti pamoja na muda wa warantii. Pakiti ifunguliwe mbele ya mnunuzi, vilivyomo vihesabiwe.

Kompyuta ikiwa bado iko chini ya warantii na imebandikwa stika ya duka, mteja aulize kwanza kabla ya kuifungua. Siku ya kufunga kadi, kompyuta izimwe, waya wa umeme utolewe ukutani, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliobaki. Mkono uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuiharibu. Kadi isukumwe taratibu bila kuilazimisha, skrubu ikazwe, kisha antena.

Wateja hawa wanne hawakuuziwa kadi mbovu hata mmoja. Kadi zao zote zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni habari, na kila mmoja aliilipia kwa nauli, kwa bando, kwa pesa za ziada au kwa usiku wa wasiwasi. Mkaazi atakayetoka hapa leo na karatasi yenye mambo hayo manne ameshaokoa gharama hiyo.