Sumu ya Soseji Iliyogeuka Dawa ya Maumivu

Leo tuko Württemberg, kusini mwa Ujerumani, miaka 200 iliyopita. Watu wanakula soseji zilizohifadhiwa vibaya, kisha kope zinawashuka, koo linakauka, mwili unalegea, hadi pumzi inakatika huku akili zao zikiwa timamu. Daktari Justinus Kerner, aliyekuwa pia mshairi, alikusanya habari za wagonjwa hao, akaijaribu sumu kwa wanyama na kuionja mwenyewe. Mwaka 1822 aliandika kwamba inakata mawasiliano ya mishipa ya fahamu, na kwamba kwa kipimo kidogo ingefaa kuwa dawa. Ujasiri ulioje!

Bakteria anayetengeneza sumu hiyo aligunduliwa na Émile van Ermengem, baada ya wanamuziki waliopiga muziki mazishini huko Ellezelles, Ubelgiji, mwaka 1895, kudhurika kwa paja la nguruwe. Kisha Alan Scott wa San Francisco akaitumia sumu hiyo kunyoosha macho yenye makengeza, na Desemba 1989 Marekani ikaiidhinisha.

Hapa ndipo ninapopapenda. Madaktari walianza kuwadunga watu ambao shingo zao hupinda kwa kukakamaa kwa misuli. Wengine wakasema maumivu yamepungua hata kabla shingo haijalegea. Ingekuwa rahisi kuyapuuza maneno hayo, lakini yalifungua njia. Ikaja kuonekana kwamba sumu hii haiishii kwenye misuli: ndani ya mshipa wa fahamu hukata protini inayosaidia kumwaga kemikali, zikiwemo zile zinazobeba habari za maumivu.

Mwaka 2008, Danièle Ranoux, Nadine Attal na wenzao nchini Ufaransa walitoa matokeo ya wagonjwa 29 wenye maumivu sugu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuungua na kuchoma ambayo wengi huachiwa na mkanda wa jeshi au jeraha. Waliopewa sumu walidungwa mara moja ndani ya ngozi, palepale panapouma. Nafuu ilianza baada ya wiki 2, ikadumu hadi wiki ya 14. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2016 ulirudia sindano baada ya wiki 12, na nafuu ikaongezeka.

Hata hivyo, vidonge kama amitriptilini bado hutangulia. Sindano huja vinaposhindwa, tena pale maumivu yanapokaa sehemu moja inayoweza kuonyeshwa kwa kidole. Kudungwa kwenyewe kunauma sana, kwa kuwa ngozi hiyo wakati mwingine haivumilii hata kuguswa na shati.