Shughuli za Nje ya Darasa kwa Anayetaka Udaktari Marekani

Huku kwetu kijana aliyehitimu kidato cha sita kwa alama njema za fizikia, kemia na baiolojia huweza kuingia chuo cha udaktari moja kwa moja, wala hapana amuulizaye amezitumiaje Jumamosi zake. Lakini Marekani, wanakosoma wengi wa wana wetu, mtu hupata kwanza shahada ya awali, ndipo akaomba chuo cha tiba, naye hutakiwa, fauka ya alama zake na mtihani wa kuingilia uitwao MCAT, aeleze shughuli zake za nje ya darasa.

Fomu itumiwayo na vyuo vingi, iitwayo AMCAS, ina nafasi 15 za shughuli hizo, kila moja kwa herufi 700 tu, na mwombaji huweza kuteua 3 zilizomgusa zaidi, akaongezewa herufi 1,325 za kuzifafanua. Aghalabu vijana wakiiona hiyo 15 hutaharuki, wakajiandikisha katika kila chama, juma moja hapa na mawili pale. Nami nasema kwa dhati kwamba huko ni kupoteza umri, maana si sharti kuzijaza zote, na aliyekaa miaka 2 katika nyumba moja ya wazee, akawajua kwa majina na kwa maumivu yao, ana la kusema, ilhali aliyezunguka kote hana ila orodha.

Linalonishughulisha zaidi ni hali ya watoto wa wahamiaji, wafanyao kazi usiku ili kuwasaidia wazazi, wakadhani kwamba kazi ya ujira haina thamani mbele ya wateuzi wa vyuo. Dhana hiyo si sahihi, kwani fomu yenyewe ina fungu la kazi za kulipwa. Msaidizi wa wauguzi katika nyumba za wazee, ambaye sheria ya shirikisho yamtaka apate mafunzo ya saa zisizopungua 75, ndiye amgeuzaye mgonjwa kitandani, amwogeshaye na amlishaye, naye huyajua maradhi kwa karibu kuliko aliyesimama nyuma ya daktari mchana mmoja akitazama; ingawa kumfuata daktari kazini nako kusiachwe.

Katika kutafuta shughuli hizo, wapo pia wanafunzi wa Marekani wajao hospitali za Afrika kwa majuma machache, wakapewa sindano na nyuzi za kushonea vidonda, jambo ambalo kwao wasingeruhusiwa kabisa. Jumuiya ya vyuo vya tiba vya Marekani imetoa mwongozo wa kuonya juu ya hayo, na ni haki, kwa kuwa mgonjwa wa Moshi ana hadhi ileile ya mgonjwa wa Boston. Kijana wetu ajaye likizo, hata akiruhusiwa, na aikatae sindano, akaombe badala yake kuwapokea wagonjwa na kuwaongoza, kazi ambayo Kiswahili chake kitamfaa sana.