Silaha Mlangoni mwa Nyumba ya Ibada: Mafunzo Kutokana na Historia ya Masingasinga
(Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa wa Boko, Dar es Salaam)




Sisi watu wa pwani twawafahamu Masingasinga tangu siku za mababu zetu. Kwa wengi wetu wao ni mafundi hodari wenye vilemba na ndevu, na ndugu zetu wa Kenya huwaita Makalasinga. Wengi walikuja wakati wa ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda, ulioanza mwaka 1896. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua jinsi viongozi wao walivyohangaika na swali ambalo leo limo pia ndani ya misikiti yetu: mtu anapodhulumiwa, adai haki yake kwa njia gani, na nani aongoze madai hayo? Qurani Tukufu inatuamrisha kuwa waadilifu hata kwa watu tusiofuata nao njia moja. Basi na tuisome habari yao kwa uadilifu.

Dini ya Masingasinga ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 katika nchi ya Punjab. Guru wao wa sita, Hargobind, alivaa panga mbili, moja ikiwa alama ya mamlaka ya roho na nyingine ya mamlaka ya dunia. Tangu hapo uongozi wa dini na wa siasa kwao umekaa karibu sana. Mkabala na Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar limesimama jengo liitwalo Akal Takht, ambamo maamuzi ya jumuiya yao hutolewa.

Ndugu zangu, mwanzoni mwa karne ya 20 gurudwara zao nyingi zilikuwa mikononi mwa wasimamizi waliozifanya kama mali yao binafsi. Waumini wakadai nyumba zao. Mwaka 1920 wakaunda kamati ya kuzisimamia, na wafuasi waliojitolea wakaitwa Maakali. Februari 1921, katika mji wa Nankana, watu wa msimamizi mmoja waliwaua Masingasinga zaidi ya mia moja. Mwaka uliofuata, mahali paitwapo Guru ka Bagh, Maakali walikwenda kundi baada ya kundi, wakapigwa na polisi wa Waingereza mpaka wakazimia, na hawakuinua mkono. Maelfu walitiwa gerezani. Hatimaye mwaka 1925 serikali ilipitisha sheria iliyoweka gurudwara chini ya kamati inayochaguliwa na waumini wenyewe. Walishinda bila kufyatua risasi.

Katika miaka hiyo alikuwa akikua huko Punjab mtoto aitwaye Makhan Singh, aliyezaliwa mwaka 1913. Mwaka 1927 akaja Nairobi, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi. Alipokuwa mtu mzima alifuata fikra za kikomunisti, lakini ujasiri wake ulikuwa wa namna ile ile. Mwaka 1935 alishika uongozi wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, akakifungua kwa watu wa rangi zote, jambo lililokuwa geni katika Kenya ya siku zile. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Na tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama hadharani akadai uhuru kamili wa nchi zetu. Wiki chache baadaye alikamatwa, akawekwa kizuizini katika jangwa la kaskazini, asitoke mpaka Oktoba 1961. Miaka kumi na moja! Hakuua mtu, wala hakulikana neno lake.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1982 chama cha Akali, chini ya Harchand Singh Longowal, kilianza kudai kwa serikali ya India haki za Punjab, yakiwemo maji ya mito yao. Mengi ya madai hayo yalikuwa ya kusikilizwa, lakini serikali iliyavuta miezi na miezi. Katika kuvutwa huko alipata nguvu mhubiri mmoja, Jarnail Singh Bhindranwale, aliyezungukwa na vijana wenye bunduki na kukaa ndani ya eneo lile lile la hekalu. Tarehe 25 Aprili 1983 ofisa mkubwa wa polisi, naye Singasinga, alipigwa risasi mlangoni mwa hekalu alipokuwa akitoka kuomba. Hapo ndipo wazee walipopaswa kusema: silaha zitoke. Hawakuweza kumtoa mwenye silaha. Mwezi Desemba akahamia ndani ya Akal Takht yenyewe.

Juni 1984 jeshi la India lilivamia kwa vifaru, katika siku ambazo hekalu lilikuwa na mahujaji. Mamia waliuawa, na Akal Takht ikabomolewa. Tarehe 31 Oktoba Waziri Mkuu Indira Gandhi aliuawa na walinzi wake wawili Masingasinga. Ndipo makundi ya wahuni yakawachinja Masingasinga wasio na hatia, karibu 3,000 katika mji wa Delhi peke yake. Juni 1985 bomu lililipua ndege ya Air India karibu na Ireland, wakafa watu 329. Longowal alitia saini mapatano na serikali Julai 1985. Hata mwezi haukutimia, aliuawa kwa risasi na vijana wa jumuiya yake mwenyewe.

Ndugu wapenzi, tusidhani hayo ni ya mbali. Februari 2014 polisi waliingia kwa nguvu Masjid Musa, Mombasa, na damu ikamwagika ndani ya nyumba ya sala. Tarehe 10 Juni mwaka huo huo Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, aliyewapinga wazi vijana wenye siasa kali, alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake Likoni akafa. Wahubiri wa upande wa pili nao waliuawa barabarani bila hukumu, na hiyo pia ni dhuluma.

Twajifunza nini? Serikali inayoziba masikio kwa madai ya haki humpa mwenye bunduki wasikilizaji. Na bunduki ikishaingia nyumba ya ibada, wa kwanza kunyamazishwa ni wazee wa nyumba hiyo. Sura ya Al-Haj imetaja mahekalu, makanisa, masinagogi na misikiti pamoja kuwa ni mahali pa kulindwa. Basi tuilinde misikiti yetu hapa Boko kwa hesabu zilizo wazi, kwa uongozi unaojulikana, na kwa kuwasikiliza vijana kabla hajawasikiliza mwingine. Na siku tutakapoona silaha mlangoni, tuseme siku hiyo hiyo, maana kesho huenda tusiwe na sauti.

Mwenyezi Mungu atujaalie ujasiri wenye subira. Amin.