Maji ya Kuoga Huchukua Muda Gani Kupata Moto?

Julai baridi hukaza mtaani Githurai 45, na maji ya bomba alfajiri hayashikiki.

Kwenye ploti nyingi chombo cha kupasha maji moto ni koili. Koili ya wati 1,500 ndani ya ndoo ya lita 20 huchukua kama dakika 20 maji yafikie joto la kuoga. Ukijaza nusu ndoo, muda unapungua nusu, na tokeni za stima vilevile. Lakini nakusihi: zima swichi na uchomoe plagi kabla ya kutia mkono. Wengi huonja maji kwa kidole koili ikiwa bado inawaka, na stima haisamehe. Ndoo ya chuma usithubutu, na watoto wakae mbali.

Shawa ya stima haina kusubiri. Maji hupata moto yakipita. Inakula wati 5,000 au zaidi, kwa hiyo inataka waya wake mnene na eathi, kazi ya fundi mwenye leseni, si kuunganishwa na waya wa taa. Ukifungulia bomba sana, utaogea vuguvugu. Punguza tu.

Tangi la stima la lita 50, lenye wati 3,000, lipe kama dakika 50 lifike nyuzi 60.

Sola je? Jua kali huhitaji saa kadhaa. Kwa mawingu ya Julai hata siku nzima huenda isitoshe, ndiyo maana matangi mengi ya sola huwekewa pia koili ya stima ndani.