D200 na chigayo zetu mbili

(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa shirika kwenye mkutano wa wanamemba, Mokambo)



Leo mwenyekiti ameweka jambo moja tu: tuuze mitraye ao tusiuze. Mnunuzi amekwisha kuziangalia chigayo zetu mbili, ile mulinunua kwa chilimba yenu na ile wafadhili walitupa. Zote zimesimama. Bei yake ni ya kilo. Mbele ya kupiga kura, muniruhusu niseme kidogo juu ya treni.

Reli inayopita hapa ilifika Elisabethville mwaka 1910, na wazee wetu waliijua kwa moshi wa makaa. Mashini za mazutu zilikuja nyuma. Kule Afrika ya Mashariki, shirika la reli lilipokea lokomotive za English Electric kutoka Uingereza mwaka 1960, zikaitwa Class 90. Baadaye Kenya ikaziita Class 87. Zilianza kuchukua kazi ya Garratt, zile kubwa za moshi, ambazo leo mutazikuta kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971.

Ndani yake mashini ya mazutu haizungushi magurudumu yenyewe. Inazungusha jenereta, na umeme wa jenereta njo unaingia kwenye mota. Kilichonipendeza ni ekseli. Ziko nane: sita zinavuta, na mbili, moja mbele moja nyuma, hazivuti kitu. Zinabeba uzito tu, ili reli isilemewe. Asiyejua angesema ni za bure. (Kuna mama hapa kazi yake ni kufagia nyumba ya chigayo na kuhesabu ndoo. Munajua ninamusema nani.)

Uingereza kwenyewe kulikuwa ndugu zake, Class 40, zenye mpango uleule wa ekseli. Zilitengenezwa 200, kati ya 1958 na 1962. Ya kwanza ni D200. Ilivuta zaidi ya miaka 20, ikasimamishwa 1981, ikakaa inje, kazi yake imekwisha. Lakini ndugu yake mmoja, 40076, alisimamishwa vyombo vyake vingali vizima. Mafundi wakatoa mashini yake pamoja na fremu za magurudumu, wakaziweka kwenye D200. Mwaka 1983 D200 ikarudi kazini, ikatembea hadi 1988, halafu ikaingia makumbusho ya taifa ya reli kule York. Ile ingine ilikatwa.

Kati ya zile 200, saba zimebaki. Baadhi ni za chama cha watu wa kawaida wanaotoa michango. Ni kama chilimba yenu, ila kule hakuna anayengoja zamu ya kupokea: yote inaingia mazutu na piesi.

Sasa chigayo. Mashini zetu mbili ni za aina moja. Ile ya chilimba bloki imepasuka, lakini pompe ya mazutu na injekta ni nzima. Ile ya wafadhili bloki ni nzima, pompe imekufa. Fundi aliniambia hivyo mwezi uliopita, na mimi nikanyamaza.

Tena niseme mbele ya wafadhili: katika ripoti iliyopita niliandika "chigayo inafanya kazi". Ilikuwa imesimama wiki mbili. Nilifikiri itatengenezwa mbele ripoti haijasomwa. Mama walikuwa wanabeba mahindi kichwani kwenda kusaga ng'ambo, wanalipa kwacha, wanasumbuliwa mpakani, na mimi niliandika inafanya kazi. Ripoti nimeirekebisha, imeondoka jana.

Ninaomba mtu wa mitraye asichukue kitu leo. Moja ifunguliwe, ingine isage. Najua ni ngumu, kwa maana itakayofunguliwa ni ile munayoita yetu. Papa mmoja aliniambia jana tukate ile ya wafadhili. Papa, bloki njo inaamua. Sahani yenye jina la chama tutaitoa, tutaipigilia kwenye ile itakayozunguka.

Fundi anakuja siku ya posho asubuhi. Anataka vijana wawili wa kumusaidia, na daftari ya mazutu na mafuta. Daftari ile ina kurasa tatu tu zilizoandikwa, na ya mwisho ni mwandiko wangu. Mwenye funguo ya nyumba ya chigayo asiende Mufulira siku ile.