Hatujarudi Square One

(Maneno niliyozungumza na vijana wenzangu wa chama, Omurushaka)

Nitakuwa mfupi, maana wengine mna safari ya Kyerwa na mvua ile naiona.

Kuna msemo wa Kiingereza tumeuzoea mno kwenye magrupu yetu: "back to square one". Ikitajwa tu Katiba Mpya, lazima mtu aandike, "Aah, tumerudi square one." Hata mimi niliuandika kwenye insha mwaka wa kwanza, mhadhiri akauzungushia wino mwekundu. Nilinuna. Baadaye nikamwelewa.

Fikirieni mchezo wa nyoka na ngazi. Unapanda weee, nyoka anakumeza, unajikuta chumba cha kwanza. Yote yamefutika, mkononi huna kitu. Daftari la wanachama wa kata likiungua na nakala hakuna, sema square one, sitakubishia. Lakini Katiba?

Tume ya Jaji Warioba ilianza kazi 2012, ikazunguka nchi nzima kukusanya maoni. Rasimu ya pili ikakabidhiwa Desemba 2013, na ndani yake wananchi wana haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muhula kwisha. Likaja Bunge Maalumu. UKAWA wakatoka Aprili 2014, waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba, na haki ile haimo. Kura ya maoni ya 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, mpaka leo. Huyo nyoka hakuletwa na dadu, jamani. Aliwekwa.

Sasa sikilizeni. Ukisema tumerudi square one, umeshakubali kwamba maoni ya wazee wetu hayapo. Basi atakayetaka tuanze na tume nyingine, semina nyingine na miaka mingine kumi, utambishia kwa lipi? Umemsaidia kazi.

Bibi yangu mibuni yake ikizeeka haing'oi. Anakata, anaacha kisiki, inachipua kwenye mizizi ileile. Sijawahi kumsikia akisema anaanza upya, na hasira za bei ya kahawa anazo kuliko sisi wote humu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza tuko wapi, mjibu: tuko kwenye rasimu ya Desemba 2013, tunadai iendelee kutoka hapo. Nakala ninayo hapa mezani, imechakaa kidogo. Mwenye simu yenye chaji apige picha sehemu ile ya mbunge kabla hatujaenda kula, halafu airushe kwenye grupu.